Kaka anasema ya saba, binamu anasema ya kumi na sita: hakimu aamue vipi?

"Habari mwalimu. Tunakaa watatu Umoja: mimi, kaka yangu mkubwa aliyezaliwa 1987, na binamu yetu wa miaka 19 aliyekuja Nairobi kusoma chuo. Sote ni wagonjwa wa Final Fantasy, ule mfululizo wa gemu za video kutoka Japani. Kaka haambiliki: kwake ni ya saba, ile ya mashine ya PlayStation ya kwanza (PS1), na zingine zote ni mazoezi. Binamu anasema ile ni vikaragosi vya maboksi, na kwamba ya kumi na sita ndiyo bora, tena ndiyo mpya. Mimi nilianza na ya kumi kwenye PS2 ya kaka, na nikiitaja wananicheka wote wawili. Jumapili waliwekeana dau la shilingi elfu tatu wakaniteua hakimu. Kila mmoja amenitumia orodha alizookota mtandaoni, takwimu za mauzo, hata kura za Wajapani. Tangu siku hiyo hawasemezani, na PS2 yenyewe imeanza kukataa diski. Je, kuna njia ya haki ya kuzipanga gemu hizi? Mauzo na kura zinamaliza ubishi? Na rafiki zangu wanaotaka kuanza, waanze na ipi?"

Pole kwa uhakimu, ndugu yangu. Umeniuliza maswali matatu, ila naona linalokunyima usingizi ni la nne ambalo hukuliandika: utamwambiaje mtu unayekaa naye kwamba kashindwa, kisha jioni mle ugali sahani moja? Nitalifikia. Kwanza tuipepete kesi yenyewe, maana imejaa ushahidi usiohusika.

Nafundisha ubunifu wa gemu hapa mjini. Kabla ya hapo nilikuwa na kibanda cha gemu Kariobangi, televisheni nne na padi nane, mbili zikiwa mbovu siku zote. Nitakujibu kwa vichwa vyote viwili, cha darasani na cha kibandani, na mara nyingine cha kibandani ndicho kinachojua zaidi.

Zinazokuponza ni zile namba. Mtu akisikia "ya kumi na sita" anadhani imepanda juu ya mabega ya ya kumi na tano, kama ngazi. Sivyo. Gemu ya kwanza ilitolewa na kampuni ya Square huko Japani Desemba 1987, kwa Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo, chini ya Hironobu Sakaguchi. Mwaka uliofuata ikaja ya pili, na hapo ungetarajia hadithi iendelee. Haikuendelea. Dunia ilikuwa nyingine, watu wengine, hata kanuni za kukua zilitupwa zikawekwa mpya: hakukuwa na leveli, yaani viwango vya kupanda, ulikomaa katika upanga kwa kutumia upanga, na mwili ulikomaa kwa kupigwa. Wachezaji wakagundua upesi kwamba njia ya mkato ni kuwatwanga wenzao wenyewe, na wakawatwanga kweli. Tangu hapo kila namba huanza upya. Kinachorithiwa ni kidogo: chocobo, yule ndege mkubwa wa manjano wa kupanda, mtu fulani aitwaye Cid, majina ya uchawi na ya mazimwi, na vipande vya muziki vya Nobuo Uematsu. Ni watoto wa baba mmoja, mama mbalimbali. Jina la ukoo linafanana, malezi hayafanani hata kidogo.

Namba zenyewe ziliwahi hata kudanganya. Marekani waliruka baadhi ya gemu, hivyo ile waliyouziwa 1991 kama ya pili ilikuwa ya nne ya Japani, na ile ya 1994 waliyoiita ya tatu ilikuwa ya sita. Kama orodha moja uliyotumiwa ni ya zamani na inaisifu "ya tatu" kupita kiasi, ichunguze vizuri. Pengine mwandishi alikuwa akiiota ya sita.

Sasa tuingie kwenye mapigano, kwa sababu hapo ndipo kaka na binamu wanapopishana bila kujua. Gemu tatu za kwanza ni zamu kwa zamu: wewe unaamuru, adui anajibu. Mwaka 1991, kwenye ya nne, mbunifu Hiroyuki Ito akaleta saa. Kila mpiganaji ana muda wake unaojaa, na ukizubaa ukipekua dawa, adui hakungojei. Hiyo saa ndiyo iliyotawala hadi ya tisa, kwa hivyo ndiyo aliyolelewa nayo kaka yako. Ya kumi ikaiondoa, ikakuonyesha pembeni foleni nzima ya nani atapiga baada ya nani, nawe ukawa na nafasi ya kufikiri. Ya kumi na mbili ikakufanya uandike maagizo kabla ya vita, kwa mfano mwenzako akishuka chini ya nusu ya uhai, mpe dawa, kisha uketi utazame mpango wako ukifaulu au ukikuaibisha. Na ya kumi na sita? Unamwongoza mtu mmoja, Clive, kwa kasi ya vidole vyako. Mapigano yake yaliundwa na Ryota Suzuki, ambaye kabla ya hapo alikuwa kampuni ya Capcom akifanya kazi ya Devil May Cry 5, gemu ya mapigano ya kasi.

Kwa hivyo kaka yako anakuletea mcheza bao, binamu anakuletea bondia, na wewe unaulizwa nani mwanamichezo bora. Usishangae kesi haiishi.

Nije kwa kaka. Mimi namwelewa, na pia namshuku kidogo. Kumbuka Nairobi ya wakati ule. Kibandani ulilipia mechi: mpira, au Tekken ya ngumi na mateke, ukishindwa unampisha anayefuata. Gemu ya kuigiza uhusika, kama hizi za Final Fantasy, haikai hapo. Nani atalipa mechi moja moja kwa hadithi ya saa arobaini? Na hata ukilipa, kesho unakuta mtoto wa jirani amesevu mpira wake juu ya safari yako. Nilijaribu kuiweka ya nane kwenye televisheni ya pembeni. Wiki mbili nikaitoa. Ndiyo maana Final Fantasy mjini hapa ilikuwa gemu ya aliye na mashine nyumbani, au aliye na binamu aliye na mashine. Diski zilikuwa nakala za kuchoma kutoka Luthuli au River Road, zikiwa kwenye karatasi ya nailoni, jina limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito.

Na ya saba ilikuja na diski tatu. Hapa nafichua jambo, na asiyeicheza aruke aya hii, ingawa toka 1997 mtu amepewa muda wa kutosha. Diski ya kwanza inaishia pale Aerith, mmoja wa wenzako wa safari, anapouawa. Ni mwisho mkali ajabu. Ukifika hapo ushazunguka jiji la Midgar, ushamwogopa adui mkuu Sephiroth, ushalia. Halafu mashine inaomba diski ya pili. Na diski ya pili, jamani, ile ya kuchoma, ilikuwa ikizunguka, inalia kwiki kwiki, na kioo kinabaki cheusi. Nimekutana na vijana wengi wa rika la kaka yako wanaoapa kwa ya saba, na ukiwahoji polepole unagundua hawakuwahi kuvuka hapo. Si kosa lao.

Ubaya wake ni huu: hadithi anayoisimulia Cloud, mhusika mkuu, katika mji wa Kalm, mapema kabisa, kuhusu maisha yake na Sephiroth, si ya kweli yote. Ukweli unafunuliwa kwenye diski ya pili, akili yake inapofumuliwa na kushonwa upya. Ndicho kilele cha uandishi wa gemu ile. Aliyekwama diski ya kwanza alidanganywa na mhusika mkuu, akaondoka na uongo huo, akausifu miaka zaidi ya ishirini. Sisemi kaka yako ni mmoja wao. Nasema hakimu ana haki ya kumuuliza shahidi alikuwa umbali gani na tukio.

Lakini hata kama aliimaliza mara kumi, kuna jambo lingine linalofanya kazi ndani yake, na ndani yako na yangu. Gemu ya kwanza ya aina hii utakayoimaliza inageuka kibaba. Ndiyo iliyokufundisha kwamba mhusika anaweza kufa na asirudi, kwamba muziki wa mahali unaweza kukukaa kichwani mwaka mzima. Zinazokuja baadaye hazikufundishi tena hayo, unazipimia kibaba hicho tu. Mimi kibaba changu ni ya nane, ya 1999, diski nne. Ina mfumo wa ajabu: unanyonya uchawi kutoka kwa maadui, kidogo kidogo hadi mia, kisha unaufunga kwenye nguvu za mwili wako. Tena maadui wanapanda leveli pamoja nawe, kwa hivyo anayejikomaza kwa bidii anaweza kujikuta ameikomaza njia yenyewe. Wengine wanaiona ni kazi ya kuchota maji kwa kijiko. Mimi niliiona fumbo, nikakaa nayo likizo nzima. Naipenda kuliko zote, na nikiulizwa kama ndiyo bora, nasema hapana bila kusita. Hayo ni maswali mawili, na dau la nyumbani kwenu liliyafunga kwenye leso moja.

Kwa binamu niseme hivi. Maboksi ya 1997 hayakuwa uvivu. Square waliiacha Nintendo wakahamia PlayStation kwa sababu diski ya CD ilibeba mambo mengi kuliko kasha la Nintendo, na walikuwa wanajifunza kuchonga watu wa pande tatu huku wakiandika moja ya hadithi kubwa za wakati ule. Kama ameiona ya saba kupitia toleo jipya la 2020, basi aelewe kwamba toleo hilo linasimulia Midgar peke yake, sehemu ambayo kwenye ya zamani ni saa chache za mwanzo. Si koti jipya la gemu ileile, ni gemu nyingine.

Na hoja yake ya "ndiyo mpya" haisimami hata kwa historia ya mfululizo huu wenyewe. Ya kumi na tatu ilikuwa mpya 2009, na karibu yote ni ukumbi mmoja mrefu hadi ufike sura ya kumi na moja kati ya kumi na tatu. Ya kumi na tano ilitangazwa 2006 kwa jina lingine, ikatoka 2016, na hata baada ya miaka kumi jikoni ilipakuliwa mbichi, ikabidi iendelee kuivishwa ikiwa mezani. Ya kumi na nne, ya kuchezwa mtandaoni, ilitoka 2010 ikiwa mbovu kiasi kwamba mwaka 2012 waliifunga kwa kuiangushia mwezi dunia yake, kisha Naoki Yoshida akaijenga upya ikarudi 2013, na leo ina wapenzi wa kufa na kuzikana. Yoshida huyohuyo ndiye mzalishaji wa ya kumi na sita, kwa hivyo binamu ana sababu nzuri ya kuiheshimu. Mapambano yake ya mazimwi makubwa sijaona mfano. Ila katikati inalegea, kazi za pembeni ni za kutumwa sokoni, na panga unazopata ni zilezile zenye namba kubwa zaidi. Ni gemu nzuri. Haihitaji kusukumwa hadi kileleni ili iwe nzuri.

Mauzo ni ushahidi hafifu. Mtu hununua kabla ya kucheza, kwa hivyo mara nyingi analipa sifa za gemu iliyotangulia. Tena ya sita haikuuzwa rasmi Ulaya ilipotoka 1994. Utailinganishaje na ile iliyozinduliwa dunia nzima siku moja?

Kura za Wajapani kaka na binamu wanazinukuu nusu nusu. Kituo cha televisheni cha NHK kilipigisha kura kubwa mapema 2020, zikapigwa zaidi ya laki nne, na iliyoshinda ni ya kumi. Ndiyo, yako. Ya saba ikawa ya pili, ya sita ya tatu. Sitaki uitumie kuwanyamazisha, ingawa natamani ningekuwepo nione nyuso zao. Kura hiyo inakuonyesha ni gemu ipi ilikuta Wajapani wengi wakiwa katika umri wa kupenda, na bado wapo wa kupiga kura. Ya kumi na sita haikuwemo kabisa, maana ilitoka Juni 2023.

Kuhusu hiyo ya kumi, kwa nini wanakucheka? Ni shujaa wake, Tidus, kucheka kwa sauti ya kulazimisha katika mji wa Luca? Tukio lile limekatwa na kusambazwa bila kinachotangulia. Ukilitazama lote unaona vijana wawili wanaojilazimisha kucheka kwa sababu kuna jambo la kuhuzunisha mbele yao. Ilikuwa ya kwanza wahusika kusema kwa sauti, ikaingia diski moja ya DVD, na kwa mazingira yetu hilo lilikuwa na maana: watu waliimaliza. Televisheni zetu zilikuwa za mfumo wa PAL kama za Ulaya, na toleo la Ulaya lililotoka 2002 lilienda polepole kuliko la Japani, lenye pau nyeusi juu na chini. Hata hivyo lilibeba wale Dark Aeons, maadui wa kuvunja moyo, ambao toleo la kwanza la Marekani halikuwa nao. Kwa hiyo hata ubishi wako na mtu wa Chicago kuhusu ugumu wa ya kumi unaweza kuwa ubishi wa gemu mbili.

Njia ya haki, basi? Usianze kwa kuuliza ipi ni bora. Uliza kila gemu ilijipa kazi gani, kisha iliifanya vizuri kiasi gani hadi mwisho, na je, kucheza kwenyewe kunaibeba hadithi au kunaikatiza. Zile mbili za mtandaoni, ya kumi na moja na ya kumi na nne, ziweke kando. Huwezi kupanga nyumba na mtaa kwenye orodha moja. Na asiyemaliza gemu asiipe nafasi.

Kwa kipimo hicho, mimi naiweka ya sita juu. Inabeba wahusika kumi na wanne bila kuwa na bwana mkubwa mmoja, na inathubutu kumwacha adui ashinde katikati ya hadithi, dunia ivunjike kweli, kisha inakurudishia uhuru wa kuwatafuta wenzako utakavyo. Ya kumi naiweka ya pili, kwa sababu safari yake ya hija na njia yake nyembamba ni kitu kimoja: unatembea kuelekea kifo na gemu haikupi mahali pa kujificha. Ya tisa ya tatu, na Sakaguchi mwenyewe amewahi kusema hiyo ndiyo iliyokaribia zaidi picha aliyokuwa nayo. Ya saba ya nne, kwa sababu mwendo wake baada ya diski ya kwanza unayumba, hata kama kilele chake kinazidi vilele vya zote. Ya kumi na mbili inafuata, kwa wenye subira. Ya kumi na sita iko katikati, jirani na ya nne na ya tano. Ya pili iko chini kabisa, na nasema hivyo kwa mapenzi, maana ilithubutu. Kesho ukiniuliza, ya tisa na ya kumi zinaweza kubadilishana viti. Ya sita haishuki.

Rafiki zako wenye simu tu waanze na ya tisa; ipo kwenye Android na iPhone, na ni mpole kwa mgeni. Waipakue kwenye WiFi, wasithubutu kwa bando. Ya sita nayo iko kwenye simu katika toleo lililochorwa upya. Mwenye PS4, Switch au kompyuta aanze na ya kumi iliyosafishwa. Ya kumi na sita sitaipa mtu kama ya kwanza, isipokuwa yule anayependa mapigano ya kasi na hana hamu ya menyu. Na wa mtandaoni ajue kwamba seva za ya kumi na nne hazipo Afrika, kwa hivyo kuchelewa kwa mawimbi atakutana nako.

Lililobaki ni nyumbani. Dau hilo lirudishe, kila mtu elfu tatu zake. Una uwezo huo kama hakimu: hawakusema wanapima nini, na dau lisilo na masharti halina mshindi. Waambie wakiwa wote wawili, si kwa ujumbe wa simu. Wakizidi wiki bila salamu, mwite mjomba au shangazi mnayemheshimu, aje anywe chai tu, asiambiwe habari za Cloud. Ndugu wazima hawanuniani hivyo kwa sababu ya gemu. Huenda kuna suala la kodi au vyombo limejificha nyuma yake, na hilo mtaalamu wa gemu hawezi kulitibu kwa maandishi.

PS2 usiifungue mwenyewe. Ikikataa diski za CD lakini inasoma DVD, au kinyume chake, mara nyingi ni lenzi imechoka au imeshika vumbi, na anayeikazia kwa kisu cha mezani huimaliza. Mpelekee fundi aifungue mbele yako, akuambie bei kabla ya kushika bisibisi. Na siku hiyo beba ile memori kadi ya zamani ya PS1 ya kaka, pamoja na diski zake za ya saba. PS2 ikiwaka, ichomeke kadi hiyo, fungua orodha ya michezo aliyosevu. Itaonyesha saa alizocheza na jina la mahali alipoishia.